Mtoto Naye Ana la Kujibu

Fasihi ya Kiswahili imejaa sauti za wazazi. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao mpaka leo unasomwa pwani yote hii, akimweleza namna ya kumcha Mungu, kuishi na mume na kukaa na watu. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alishika njia ile ile: binti yake akamtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Nimekua na tenzi hizi. Baba yangu alizijua beti nyingi kwa ghibu, na mtu akikosea nyumbani kwetu, ubeti wa kumrudi haukukosekana.

Nazipenda kwa dhati, na sikubaliani na wanaozisoma leo kama masalia ya zama za giza, kwa sababu nyuma ya kila agizo lililomo unamsikia mtu anayeogopa kufa kabla mwanawe hajakomaa. Hata hivyo, kila nizisomapo hujiuliza jambo moja. Yule mtoto aliyeitwa, akaambiwa asogee karibu, akaambiwa atwae wino na karatasi, alipokwisha kusikiliza yote alisema nini? Utenzi haumpi nafasi. Anaandika anachoambiwa, basi. Nimetafuta sana katika maandishi yetu sauti ya mtoto anayemgeukia mzazi wake, kwa heshima lakini bila kuficha, akamwambia kwamba maisha aliyopangiwa hayamtoshi. Jibu hilo nililisikia kwa mara ya kwanza katika singo ya bendi ya roki mbadala kutoka California.

Wimbo wenyewe unaitwa Numb, na bendi ni Linkin Park. Ulitoka Septemba 2003 ukiwa singo ya tatu ya albamu yao ya pili, Meteora, ambayo ilikuwa imeingia sokoni Machi 25 mwaka huo huo, nao ndio unaofunga albamu hiyo. Nchini Marekani uliongoza kwa wiki 12 orodha ya jarida la Billboard ya nyimbo za roki ya kisasa, na video yake imetazamwa mtandaoni zaidi ya mara bilioni moja. Kwetu Ngamiani, mjini Tanga, ulifika bila takwimu hizo. Ulikuja ndani ya sidii ya kunakili iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mkononi mwa binamu yangu aliyekuwa akisoma Dar es Salaam, ukiwa umechanganywa na Bongo Fleva na nyimbo za dansi za Kikongo. Nilikuwa sekondari. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, lakini maneno ya wimbo huu ni mepesi, na yule kijana anayeimba anayatamka kwa namna ambayo hata asiyejua lugha anatambua kuwa kuna mtu anasemeshwa.

Hilo la kusemeshwa ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kuna nyimbo nyingi za kizazi changu zinazohubiri kuondoka: panda basi, acha mji, acha watu, usigeuke nyuma. Huu si mmoja wao. Kuanzia mstari wa kwanza mwimbaji anamwelekea mtu mmoja aliye mbele yake, na anamwambia kwamba amechoka kuwa kile ambacho huyo mtu anataka awe, kwamba kila hatua anayopiga inahesabiwa kuwa kosa jingine, na kwamba amebanwa mpaka hisi zake zimekufa ganzi. Anachokitaka hakizidi kuwa yeye mwenyewe zaidi, na kupunguza kuwa nakala ya yule anayesemeshwa. Mtu ambaye ameshaondoka hahitaji kusema hayo. Anayeyasema bado yumo ndani ya nyumba.

Sasa kwa kuwa kazi yangu ni fundi mitambo, naomba niseme kidogo jinsi wimbo huu ulivyojengwa, maana ujenzi wake unasema jambo lile lile ambalo maneno yanasema. Unaanza na kinanda cha kielektroniki kinachopiga noti chache za juu zinazojirudia, kisha magitaa na dramu huingia kwa uzito. Mtu angedhani uzito huo utaendelea, lakini ubeti unapoanza magitaa yanaondolewa, na sauti ya Chester Bennington inabaki karibu peke yake, chini, kama ya mtu anayejizuia asipandishe sauti mbele ya wakubwa. Nyuma yake, mwisho wa mistari, Mike Shinoda anaingiza maneno machache kuhusu kunaswa na mkondo wa chini ya maji. Kwa anayeishi Tanga maneno hayo hayahitaji maelezo. Kila aliyeogelea Raskazone maji yanapotoka anaujua ule mkondo usioonekana juu, unaokushika miguu huku uso wa bahari umetulia kabisa. Katika nyimbo nyingine za bendi hii Shinoda hupewa ubeti mzima wa kurap, humu hakupewa. Amewekwa nyuma ya mwenzake, akirudia neno lile lile, na kazi yake ni kuvuta.

Kiitikio kinapofika, magitaa yote yanarudi kwa pamoja, na Bennington anapaza sauti. Mara nyingi nimeusikiliza wimbo huu kwa hedifoni nikiwa nimepunguza besi ili nisikie pale hasa sauti yake inapobadilika, na jambo linalonigusa ni kwamba haimponyoki. Inapanda kwa nguvu nyingi, ina mikwaruzo, lakini noti hazipotei hata moja. Ni mtu aliyenyamaza muda mrefu, na alipoamua kusema alikuwa ameshajua atakachosema. Kisha ubeti wa pili unakuja na sauti inarudi chini tena. Wanaoishi na wazee wao wanalijua jambo hilo: ukishasema, kesho yake asubuhi bado unatakiwa kuamka na kuamkia.

Kuna kipande kifupi kabla ya kiitikio cha mwisho ambacho wengi hukipita haraka wakisubiri kelele zirudi, nami naona ndicho moyo wa wimbo. Hapo mwimbaji anakiri kwamba huenda na yeye akaishia kushindwa. Halafu anamwambia yule anayemsemesha kwamba anajua: na wewe ulikuwa kama mimi, na wewe kuna mtu ulimvunja moyo. Hayo tu. Hamsamehi kwa maneno wala hamlaumu zaidi. Anamwona. Baada ya kusema kwa ubeti na kiitikio kwamba yeye haonekani, ghafla yeye ndiye anayeona, na anachokiona ni kwamba yule mzazi naye aliwahi kuwa mtoto wa mtu, akapimwa kwa kipimo ambacho hakukichagua.

Baba yangu alikuwa karani katika shamba la mkonge, baadaye akahamia ofisi moja mjini, na maisha yake yote ya kazi alivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Mpango ulikuwa wazi tangu nikiwa darasa la tano: nisome biashara, nipate cheti cha uhasibu, niajiriwe serikalini, niolewe na mtu mwenye kazi inayofanana na hiyo, na niwashike mkono wadogo zangu. Sina ubaya na mpango huo, na kuna rafiki zangu wanaouishi kwa furaha. Lakini tangu nikiwa msichana, harusini, wenzangu walipokuwa wakitazama nguo za bibi arusi mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa nikitazama waya. Nilitaka kujua kwa nini spika moja inanguruma na nyingine haingurumi. Fundi wa kikundi kimoja cha taarabu aliniruhusu nimshikie tochi, kisha akaniruhusu nishike koleo, kisha akanipa chuma cha kulehemu.

Kwa wasioijua, kazi hiyo ni ya uvumilivu mwingi. Amplifaya ikinguruma, hulifungui boksi ukaanza kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Kwanza unasikiliza. Ngurumo nzito isiyobadilika hata ukizima sauti mara nyingi inatoka upande wa umeme, na ngurumo inayobadilika unapogusa waya wa gitaa mara nyingi ni ya waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Ukifungua, unatazama kapasita kubwa zilizo karibu na transfoma. Iliyochoka utaiona imevimba kichwani, au imetoa ute mkavu wa rangi ya chai. Unasubiri imalize umeme iliouhifadhi, kwa sababu hata baada ya kuchomoa plagi inaweza kukurusha. Unaipasha risasi mpaka iwe maji, unaivuta ile ya zamani, unatia mpya kwa kuangalia upande wa hasi, unapuliza moshi. Ukiwasha tena na ngurumo ikawa imeisha, unayasikia mambo mengine chumbani ambayo yalikuwepo siku zote. Sijawahi kupata furaha ya namna hiyo katika jedwali la mizania, ingawa nalo nalifahamu vizuri.

Watu hudhani kwamba habari ya kujitengenezea maisha ni ya Wazungu, imekuja na magitaa, nayo inaharibu watoto. Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu. Lakini yule yule Shaaban Robert aliyeandika Hati na Adili ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, habari za mwanamke aliyezaliwa Fumba mnamo 1880, akapewa jina la Mtumwa, akauza vyungu, kisha mwaka 1911 akaenda mjini Unguja na akaimba mpaka mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi santuri. Hapakuwa na mtu aliyemtarajia afike huko. Mshairi wetu, ambaye mwenyewe alikuwa karani wa forodha, aliona maisha hayo yanastahili kitabu. Kwa hiyo kalamu moja ilimwelekeza mtoto akae katika mstari, na ikamsifu mwanamke aliyetoka nje ya mstari, wala mwandishi hakuona kwamba anajipinga. Nafikiri aliona kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, nami nakubaliana naye.

Na Tanga yenyewe, katika muziki, haikukubali kuwa kivuli cha mtu. Taarabu ilipokuwa bado ikipimwa kwa kipimo cha Unguja, pamoja na udi, kanuni na fidla zake nyingi zenye ladha ya Kimisri, vikundi vya hapa kwetu kama Black Star na Lucky Star vilichukua gitaa la umeme na besi, vikatia midundo ya dansi, vikawaweka mbele waimbaji wanawake, na sauti ya Shakila ikasikika Afrika Mashariki nzima. Bila shaka walikuwepo waliosema kwamba hiyo si taarabu. Leo hakuna anayeuliza. Upande wa dansi, Wilson na George Kinyonga waliopigia Jamhuri Jazz hapa mjini katika miaka ya 1960 waliondoka, wakapita Arusha, na mwaka 1971 huko Mombasa wakaanzisha Simba Wanyika kabla ya kuhamia Nairobi na kuwa majina makubwa. Sikiliza solo la Simba Wanyika kwa utulivu utamsikia kijana wa Tanga aliyekwenda kutafuta nafasi ambayo mji wake haukuwa nayo.

Hapo ndipo penye ugumu kwa wengi wetu, maana akina Kinyonga waliondoka. Siti naye alitoka Fumba. Hata Bennington alihama: alikuwa kijana wa Phoenix, Arizona, aliyekata tamaa na muziki kiasi, alipotumiwa kanda ya majaribio mwaka 1999, akaacha sherehe ya siku yake ya kuzaliwa ili aingie studio kurekodi sauti, kisha akasafiri kwenda California. Wengine hatuondoki. Kuna mama mgonjwa, kuna wadogo, kuna nyumba ya urithi yenye vyumba visivyogawanyika, na kuna ukweli kwamba mtu anaweza kuupenda mji wake. Kwa mtu anayebaki, kujinasua na matarajio hakuwezi kuwa safari. Ni lazima kuwe mazungumzo, na mazungumzo yanaogopesha kuliko basi la usiku.

Wimbo wenyewe haukunisaidia hapo, kwa sababu unaisha bila yule anayesemeshwa kujibu. Dakika tatu na sekunde chache, na upande wa pili kimya. Hata video, iliyoongozwa na Joe Hahn wa bendi hiyo hiyo na kupigwa kwa sehemu kubwa jijini Prague, inamwonyesha msichana mchoraji anayetengwa na wenzake, ambaye mwishoni anaitupia rangi turubai yake na kukimbilia kanisani, mahali ambapo bendi ilikuwa ikipiga. Hakuna anayekaa naye chini. Ninaupenda wimbo, lakini naamini ni nusu ya jambo.

Nusu nyingine niliitafuta barazani kwetu, baada ya sala ya isha, baba akiwa peke yake. Nilikuwa nimeshaingia chuo cha biashara kama alivyotaka. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia nikae. Nikamwambia, "Baba, nina jambo, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo useme." Nikamweleza kwamba sitaki kuajiriwa uhasibu, kwamba nataka kufanya kazi ya mitambo na kufungua chumba cha kurekodia, na kwamba najua alivyohangaikia ada yangu. Sikumpigia wimbo, angesikia kelele tu. Lakini nilimweleza kile kipande cha kabla ya mwisho, kwamba kuna kijana mmoja Mmarekani anamwambia mzazi wake: na wewe kuna mtu ulimvunja moyo. Nilisema hivyo huku natazama chini.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilitaka meli." Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Alikuwa kijana akishinda gatini, anazijua meli kwa majina, na kuna nahodha aliyekuwa tayari kumchukua. Babu akakataa. "Aliniambia bahari haina pensheni," baba alisema, "nami nikakaa." Nilimwuliza kama alimkasirikia babu. Akasema ndiyo, tena kwa miaka mingi, mpaka alipokuja kujua kwamba babu alikuwa na kaka yake aliyekwenda na jahazi upande wa Pemba asirudi, na nyumba ile haikuwahi kupata maiti ya kuzika. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Yeye alikuwa ameambiwa habari ya pensheni tu.

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Matarajio ya wazazi hutujia yakiwa yameshakauka, kama amri: soma hiki, usifanye kile. Yalipotokea hatupaonyeshwi. Babu alimkatalia baba bahari kwa sababu ya kaka yake, baba akanipangia ofisi kwa sababu ya babu, na katikati yote yaliitwa nidhamu. Mtoto anapouliza kwa adabu anamlazimisha mzazi arudi alikotoka, na huko mara nyingi kuna jeraha. Kama yule binti wa Hati angejibu, huenda tungejua mengi zaidi kumhusu baba yake.

Basi tulipatana. Ningemaliza chuo nichukue stashahada, kwa kuwa ada ilikuwa imeshalipwa na kwa kuwa kwa baba jambo lililoanzwa humalizwa. Yeye angenipa chumba cha uani kilichokuwa kikiwekwa mbao na baiskeli mbovu. Na kila mwisho wa mwezi ningemwonyesha daftari, kilichoingia na kilichotoka, bila kuficha. Sharti hilo la daftari liliniuma wakati ule. Nilimaliza chuo.

Kile chumba sasa kina magodoro ya sufi ukutani, kapeti mbili sakafuni, kompyuta, mikisa ya mtumba na maiki mbili nzuri. Tunarekodi kaswida, taarabu za vijana, matangazo ya maduka, na mara moja moja vijana wa magitaa wanaopiga roki kwa Kiswahili, ambao huwapa saa za ziada bila malipo kwa sababu najua hakuna kwingine watakakokaribishwa. Kabla ya kurekodi tunazima feni. Ikipita bodaboda tunasubiri, ikiadhiniwa tunasimama mpaka iishe. Kuna bibi mmoja, msomaji wa tenzi, niliyemwomba anisomee Mwana Kupona yote kwa mahadhi yake. Alipofika pale binti anapoambiwa asogee, sauti yake ilishuka ikawa ya mama hasa, si ya msomaji, nikaacha kutazama mishale ya kompyuta nikabaki namsikiliza. Nimeihifadhi kanda hiyo karibu na nyimbo za Linkin Park, katika folda moja, na sioni kwamba zinagombana.

Bennington alifariki Julai 20, 2017, akiwa na miaka 41. Alikuwa amesema wazi kwa miaka mingi kuhusu mateso aliyoyapata utotoni na kuhusu ulevi aliopambana nao, na mashabiki wake wengi, nikiwemo mimi, tulikuwa tumezoea kuyasikia maumivu hayo kama sehemu ya uzuri wa sauti yake. Kifo chake kilinifanya niwe makini zaidi na vijana wanaokuja kwangu. Kijana akiimba kwamba amechoka, baada ya kuzima mitambo namwuliza amechoka na nini, na nasubiri jibu. Mara nyingi ni mambo ya kawaida. Pale ambapo si ya kawaida nahakikisha haondoki peke yake, na kwamba kuna mtu mzima anayemwamini atakayejua.

Kuna jambo jingine kuhusu bendi hiyo ambalo huwa nawasimulia. Walipokuwa wanaandaa albamu yao ya kwanza, wakuu wa kampuni ya rekodi walitaka Shinoda asukumwe pembeni, wakamwendea Bennington, aliyekuwa mgeni kundini, wakitaka awe upande wao. Alikataa. Shinoda alikuwa amesomea uchoraji chuoni, Pasadena, nayo kazi ya mikono yake inaonekana hata katika picha za bendi. Bennington alikuwa ameacha kazi yake Phoenix na hakuwa na pa kurudi. Angeweza kukubali. Hapo ndipo ninapoona kwamba kujichagulia maisha ni pamoja na kuchagua utasimama na nani, hata pale wenye fedha wanapokuonyesha mlango mpana zaidi. Nao mwaka 2024 walirudi na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, huku wapo mashabiki waliotaka wabaki kama walivyokuwa au wasiwepo kabisa. Wimbo wa kuchoka kuwa kile ambacho wengine wanataka uwe sasa unaimbwa na mwanamke ambaye wapo wasiotaka auimbe. Nimemsikiliza, na naona anauimba kwa haki yake.

Siku za karibuni alikuja mama mmoja wa Makorora, mwuza vitafunio, akiwa na mwanawe wa kidato cha tatu anayetaka kujifunza mitambo. Kijana alisimama mlangoni akitazama mikisa. Mama alikaa, akakataa chai, akaniambia, "Fundi, mimi sina ugomvi na muziki. Nataka unieleze huyu atakula nini." Sikumhubiria ndoto za vijana. Nilivuta daftari nikamfungulia, upande wa kushoto kilichoingia, upande wa kulia kilichotoka: harusi, kaswida, kulehemu waya, umeme, kodi ya leseni, maiki iliyoanguka. Alisoma kwa kidole, polepole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika mwezi mmoja ambao upande wa kushoto haukuwa na kitu.

"Na mwezi huu," aliuliza, "wewe ulikula nini?"

"Nilikula kwa baba, mama."

Alinitazama, akamtazama mwanawe, akalifunga daftari. "Basi atakuja Jumamosi," alisema. "Siku nyingine ana shule, na alfajiri ananisaidia kukanda."